Beleshi kwanza, mafunjo baadaye

Ng'ombe kumi wa maziwa wanaofugwa ndani, huku Wakiso au Mukono, Uganda, humwachia mwenye shamba vitu viwili vya kushughulikia kila asubuhi. Kinyesi kina pa kwenda: migomba inakipokea, na jirani asiye na ng'ombe atakuja kukiomba. Maji ndiyo yasiyo na mwenyewe. Ya kuoshea sakafu, ya mkojo, yaliyomwagika kwenye birika, yaliyosuuza ndoo za maziwa. Hayabebeki kwa toroli, yananuka, na huko yanakoteremkia kuna chemchemi wanayochota watu.

Kinamasi cha kuchimba, yaani vidimbwi vya kina kifupi vilivyopandwa mafunjo au matete na kupitisha maji polepole, kinaweza kuyashughulikia bila umeme wala kemikali. Hali ya hewa yetu inakifaa sana: hakuna majira ya baridi ya kuwalaza bakteria, na mafunjo huota mwaka mzima. Vitanda vya majaribio vya Kirinya, Jinja, vilivyopandwa mafunjo na matete miaka ya 1990, vilionyesha kwamba mimea ya hapahapa inaiweza kazi hii. Ila maji yale yalikuwa maji taka ya mji, tena yaliyokwisha kutuama. Maji ya zizi ni makali mara kadhaa kuliko hayo, na hapo ndipo wengi hukwama: wanachimba, wanapanda, na baada ya mwaka wamebaki na shimo jeusi lenye mabua makavu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mafunjo yanapatikana wapi, uliza sakafu ya zizi inasafishwaje.

Ukubwa wa shimo unaamuliwa zizini

Uchafu unaooza hupimwa kwa BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu wataitumia kuuozesha kwa siku 5 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 450 hutoa kinyesi na mkojo wenye BOD ya takriban kilo 0.7 kwa siku. Kumi hutoa kilo 7. Mwongozo wa idara ya kilimo ya Marekani wa mwaka 1991, ambao ungali kipimo kizuri cha kuanzia kwa maji ya mifugo, unaruhusu kilo 73 za BOD kwa hekta kwa siku, sawa na gramu 7.3 kwa mita ya mraba. Gawanya. Ukisukuma kila kitu kwa mpira wa maji, unahitaji takriban mita za mraba 960. Hivyo ni zaidi kidogo ya viwanja viwili vya futi 50 kwa 100. Nani atayaachia mafunjo viwanja viwili hapa Wakiso?

Sasa kwangua kwanza. Kinyesi kibebwe kikiwa kizito, kwa beleshi na toroli, ndipo mpira ufunguliwe. Kinachobaki ni utelezi wa sakafuni, mabaki ya mkojo na maji yenyewe. Ukikadiria lita 40 za kuoshea kwa kila ng'ombe, pamoja na mkojo uliosalia na yanayomwagika birikani, unapata lita 500 hivi kwa siku. Yakishatuama kwenye tangi, chukulia miligramu 1,200 za BOD kwa lita kama kadirio la kuanzia. Huo ni mzigo wa kilo 0.6, na eneo linashuka hadi mita za mraba 82. Chimba 90. Kazi ya nusu saa ya kijana mwenye beleshi imekuokolea ardhi mara kumi.

Kuongeza maji hakusaidii, ingawa ndilo jambo la kwanza watu hufanya harufu ikizidi. Kilo za uchafu zinabaki zilezile. Ulichoongeza ni wingi wa maji yanayokimbiza uchafu kidimbwini kabla haujatuama.

Na maziwa usiyamwage mferejini. Lita moja ya maziwa ina BOD ya gramu 100 hivi. Ng'ombe mmoja akipata ugonjwa wa kiwele na lita 6 zikamwagwa, umekipa kinamasi mzigo wa siku nzima wa zizi zima, kwa dakika moja. Maziwa mabovu yazikwe kwenye lundo la samadi. Maji ya dawa ya kupe na ya kidimbwi cha kukanyagia chenye dawa ya kuua vijidudu nayo yasiingie. Yataua bakteria wale wanaokufanyia kazi.

Mkojo uende kwake

Ng'ombe hukojoa lita 10 hadi 15 kwa siku, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni inayogeuka kuwa amonia. Mimea ya kinamasi huanza kuumia amonia ikipita miligramu 100 hadi 200 kwa lita: ncha hugeuka njano, machipukizi hunyauka, na mizizi huoza. Tuseme mkojo una gramu 5 za naitrojeni kwa lita. Lita 120 za ng'ombe kumi zina gramu 600. Zikiingia zote kwenye lita 500 za maji ya kuoshea, hakuna mmea utakaostahimili.

Sakafu iteremke asilimia 2 hadi 3 kuelekea mfereji mwembamba wa saruji, na mfereji uishie kwenye pipa au jerikeni zilizofukiwa nusu ardhini. Wakati wa kuosha, mdomo wa mfereji ugeuzwe uelekee tangi. Mkojo uliokusanywa huchanganywa na maji mara tatu yake na kuwekwa kwenye migomba, mbali kidogo na shina. Ukifanikiwa kukamata asilimia 70, zinabaki gramu 180 kwa siku, yaani miligramu 360 kwa lita. Bado ni kali. Ndiyo sababu hatua inayofuata tangi iwe bwawa wazi lisilopandwa kitu.

Wenye mtambo wa baiogesi hudanganyika hapa. Maji yanayotoka mtamboni ni mepesi na hayanuki sana, BOD imeshuka kweli, lakini naitrojeni haikwenda popote. Imegeuka amonia tupu. Kuyaelekeza moja kwa moja kwenye mafunjo machanga ni kuyachoma. Tope la mtambo ni chakula cha migomba, lipelekwe huko, na kinamasi kipokee maji ya kuoshea peke yake.

Tangi, bwawa, vidimbwi

Mferejini, kabla ya tangi, weka wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1. Utanasa mabua ya nepia (nyasi za malisho) na majani, na utausafisha kila siku. Usiposafishwa siku mbili maji yatapanda na kupita juu, kisha mabua yote yatakuwa ndani ya bomba.

Tangi la kutuamisha kwa lita 500 kwa siku liwe na mita za ujazo 3: urefu wa mita 2.5, upana 1, kina cha maji 1.2. Ukuta uligawe, theluthi mbili upande wa kuingilia na theluthi moja upande wa kutokea. Mabomba yote ni ya inchi 4. Kwenye ukuta na kwenye tokeo funga kiungo cha T, mguu wake wa chini uzame sentimita 40. Hivyo maji huchotwa katikati: utando unaoelea unabaki juu na tope linabaki chini. Ukiacha bomba la kawaida lililonyooka, utando wote hutoka nje na tangi linakuwa pambo. Pima tope kila mwezi kwa fito iliyozungushiwa kitambaa cheupe. Doa jeusi likifika sentimita 40, toa tope. Litolewe kwa ndoo yenye mpini mrefu au kwa pampu. Usimshushe mtu ndani hata dakika moja, kwa sababu gesi ya salfa inayokusanyika humo huangusha mtu kabla hajaita. Mfuniko uwe wa zege.

Bwawa wazi lina eneo la mita za mraba 30 na kina cha mita 1. Maji hukaa humo siku 60 hivi. Jua, mwani na upepo hupunguza amonia na kumalizia kutuamisha, na ndilo akiba yako siku tangi likifurika. Lizungushie ua.

Baada yake vidimbwi vitatu, kila kimoja mita 3 kwa 10 za sakafu, vikifuatana. Kwenye vilima vya Buganda hili ni rahisi: vilaze kufuata usawa wa mlima, kila kimoja chini ya mwenzake kwa sentimita 30 au 40, na maji yaanguke kutoka kimoja hadi kingine juu ya mawe. Mwanguko huo huyaingiza hewa, na bakteria wanaobadilisha amonia wanaihitaji kuliko kitu kingine chochote. Mizizi ya mafunjo hutoa oksijeni, lakini kidogo. Watu huisifu kupita kiasi.

Kwa nini vitatu na si kimoja kikubwa? Takwimu za vinamasi vya mifugo vya Amerika Kaskazini zilizochapishwa mwaka 2000 zilionyesha wastani wa kupunguza BOD kwa asilimia 65, naitrojeni yote kwa asilimia 42, na fosforasi asilimia 42. Kanuni za Uganda kuhusu utiririshaji wa maji taka zinataka BOD isizidi miligramu 50 kwa lita. Ukianza na 1,200 na kukata asilimia 65, unabaki na 420. Mara ya pili 147. Mara ya tatu 51. Hayo ni ya kwenye karatasi, kwani kila hatua uchafu unaobaki ni mgumu zaidi kuozeshwa. Ila yanaonyesha kwamba hatua moja haitoshi kwa namna yoyote. Isitoshe, kidimbwi cha kwanza hujaa tope na kuchoka kabla ya vingine, na ni nafuu kufufua kimoja kidogo kuliko chote.

Nachagua vidimbwi vya maji ya juu, yaani maji yanayoonekana juu ya udongo, si vitanda vya kokoto ambamo maji hupita chini katikati ya mawe, na sababu ni lori. Mita za mraba 90 zenye kokoto kina cha sentimita 60 ni mita za ujazo 54, tani 80 hivi. Lori la tani 10 litakuja mara nane. Kisha makapi ya zizi huziba mianya ya kokoto pale pa kuingilia na maji yakaanza kupita juu, yaani umelipia kidimbwi cha maji ya juu kwa bei ya kokoto. Kitanda cha kokoto kinafaa shule au zahanati, mahali maji ni mepesi na watoto wako karibu. Kwa zizi, tumia mawe ya ukubwa wa ngumi kwa upana wa nusu mita tu, kwenye mwanzo na mwisho wa kila kidimbwi.

Udongo ndio unaoamua kama kitashika maji. Marumu ya rangi ya kutu huvuja, hata ukiishindilia vipi. Udongo wa kichuguu ni bora: uponde, ulowanishe hadi ufinyangike bila kunata mkononi, ushindilie tabaka mbili za sentimita 15. Pasipo udongo huo, tandika karatasi nzito ya plastiki ya mabwawa, milimita 0.75 au zaidi, juu ya mchanga uliochujwa mawe. Juu yake rudisha sentimita 20 za udongo wa juu kwa ajili ya mizizi. Maji sentimita 30, na matuta yainuke sentimita 40 juu ya maji. Kabla ya kupanda, jaza maji safi, simamisha ndani yake ndoo iliyojazwa nusu, weka alama kwenye ndoo na kwenye kijiti, usubiri siku tatu. Maji ya ndoo yameshuka kwa jua peke yake. Kidimbwi kikishuka zaidi ya hapo kwa milimita 5 kwa siku, kinavuja. Rekebisha sasa, kwa sababu ukishapanda hutaweza.

Sakafu iwe sawa kabisa kukata upana. Tumia pima maji ya mpira, ile ya mafundi wa nyumba, uikague kila baada ya mita 1. Sentimita 3 za tofauti upande mmoja zinatosha maji kuchagua njia, na yakishaichagua hayaiachi: nusu ya kidimbwi inabaki maji mfu, nusu inapitisha kila kitu kwa haraka. Kosa hilohilo unaliona kwa ukubwa wa kutisha kwenye bonde la Nakivubo, Kampala. Mitaro ya mashamba ya mayuni na miwa imekata mafunjo, na maji ya mji hukimbilia ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria bila kuguswa sana na mizizi.

Kitu kidogo kinachobeba mfumo wote ni elbo, yaani kiungo cha bomba kilichopinda, ya inchi 4 kwenye tokeo la kila kidimbwi. Usiibandike kwa gundi. Ipake grisi, iingize kwenye bomba la chini ikiwa inageuka. Ukiisimamisha wima, maji yanapanda, ukiilaza, yanashuka. Kwa mkono mmoja unaongeza kina kabla ya kiangazi, unakipunguza mafunjo yakiwa machanga, au unakikausha kidimbwi kizima ukitaka kukata. Weka wavu kwenye mdomo wake, vinginevyo chura ataufanya makazi.

Kupanda na kukata

Mafunjo kwa vidimbwi viwili vya kwanza, matete kwa cha mwisho. Ukiagiza kwa wazee wa kijijini sema ebitoogo, jina lake la Kiganda, na mtaelewana upesi. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2004 uliyaweka mafunjo mbele ya nyasi nyingine za kinamasi kwa sababu ya wingi wa mizizi yake. Chukua vipande vya shina la chini vyenye mabua mawili au matatu, kata mabua yabaki sentimita 40, panda viwili kwa mita ya mraba. Usichukue miche kwenye kinamasi kinachopokea maji ya mabanda ya nguruwe ya watu wengine; virusi vya homa ya nguruwe vya Afrika huweza kusafiri kwenye tope hilo. Na gugumaji usilipande kamwe, hata likisifiwa vipi.

Mwezi wa kwanza maji safi, kina cha sentimita 10. Mwezi wa pili robo ya maji ya zizi, wa tatu nusu. Kufika mwezi wa nne au wa tano, vichwa vikiwa vimefungana juu, fungulia yote. Kata kila miezi sita, nusu ya kidimbwi kwa zamu, sentimita 20 juu ya maji. Ukikata chini ya maji shina hujaa maji na kuoza. Fosforasi hasa haina mlango mwingine wa kutokea: udongo huishika miaka michache kisha hushiba. Mafunjo yaliyokatwa na kuachwa yaelee yamerudisha kila kitu yalichokula, kwa hiyo yatoe ukafunikie migomba.

Mvua, jua na sheria

Paa la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000, maji ya zizi ya siku kumi kwa saa moja. Yakiingia tangini yanainua tope lote na kulipeleka bwawani. Mabati yawe na michirizi, na juu ya vidimbwi uchimbwe mtaro wa kukinga maji ya mlimani. Mifumo mingi ya mashambani huharibiwa na mvua hii kuliko uchafu wenyewe.

Kiangazi kinaleta jambo la kinyume. Bwawa na vidimbwi ni mita za mraba 120. Zikivukiza milimita 5 kwa siku zimetoa lita 600, na wewe unaingiza 500. Tokeo litakauka Januari na Februari, na tena Juni na Julai. Si hitilafu. Upungufu huo hauzidi milimita 1 kwa siku, kama sentimita 5 kwa miezi miwili. Simamisha elbo mapema na mimea haitajua. Ila usipime maji wakati huo ukashangaa kwamba naitrojeni imepanda: maji yameondoka, chumvi zimebaki. Sampuli chukua wakati maji yanatoka vizuri, chupa ikae kwenye barafu na ifike maabara siku hiyohiyo.

Kiwango cha kisheria cha naitrojeni ndicho kigumu kukifikia kwa maji ya zizi, kwa hiyo ushauri wangu ni mfumo usiomwaga mtoni kabisa. Ukikadiria nusu ya zile gramu 180 inatoka mwisho, ni kilo 33 kwa mwaka. Nepia inayokatwa vizuri hutumia kilo 300 kwa hekta bila shida, basi robo ekari na ushee ya malisho inayamaliza. Mfereji wa mwisho uingie hapo. Mboga za majani kama nakati na dodo zisimwagiliwe, kwani vijidudu vya kuhara havijaisha.

Mahali pa kuchimba si ndani ya kinamasi cha asili, hata kama mafunjo tayari yako pale bure. Hicho kinalindwa na sheria, na kanuni za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa ziwa Victoria, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na 30 kwa midogo. Muone afisa mazingira wa wilaya kabla ya kukodi wachimbaji. Kaa angalau mita 30 chini ya kisima chochote, na sakafu ya kidimbwi isiguse maji ya ardhini wakati wa masika.

Kwa nguruwe, hesabu ni ileile lakini amonia ni kali zaidi, kwa hiyo ongeza bwawa wazi la pili. Mwenye nguruwe wa matandiko mazito ya pumba za mbao hana maji ya kusafisha, na hahitaji kusoma haya yote.

Mbu wa maji machafu watakuja kwenye bwawa. Ondoa utando na majani yanayoelea ukingoni kila wiki, na nyumba iwe mbali, upande upepo unakotokea. Kidimbwi cha tatu kikiwa na maji yasiyonuka, kambare wachache huwala viluwiluwi wa mbu. Kambare wakifa, umejua amonia bado ni nyingi.

Tope la kidimbwi cha kwanza litafika nusu ya kina cha maji baada ya miaka kadhaa, mapema zaidi kama wavu umepuuzwa. Mwanzo wa kiangazi, elekeza maji ya bwawa yaingie cha pili moja kwa moja, laza elbo ya cha kwanza, kiache kikauke hadi tope lipasuke, kisha likwangue bila kufikia tabaka la kichuguu. Bakiza mafunjo ya mita 2 za mwisho kama mbegu.